Mbwa Hana Jina, Bwana Harusi Hana Koti

Chui wa Kongo walikuwa wanaongoza mbili bila, tena nyumbani Kinshasa, wakafungwa tatu na Senegal. Hiyo mmeshaisikia. Ambayo hamjaisikia ni kwamba kipigo kile kilivuka mipaka yote kikaja mpaka Albert Park, Durban, kikamvua mtu koti la harusi.

Mtu mwenyewe ni Urbain, fundi simu, ambaye sisi tunamwita Betri. Mpelekee simu iliyoanguka baharini, atakwambia ni betri. Iliyokanyagwa na taxi, ni betri. Siku ya mechi, Jumanne, timu yake ikiwa mbele, Betri alipanda juu ya benchi letu akamwambia Tonton, yaani Mjomba, Ndiaye, fundi cherehani Msenegali wa ng'ambo ya barabara: "Leo tukifungwa, mbwa wangu atachukua jina ya kwenu!" Ndiaye akamshika mkono mbele ya mashahidi. Mimi nilikuwa mmoja wao, na chupa yangu ya kahawa ya kuuza kwapani.

Mdomo uliponza kichwa. Huyo huyo Ndiaye ndiye anayemshonea Betri koti la harusi, na harusi ni Jumamosi hiyo hiyo. Koti limekwisha, lakini halitoki mpaka mbwa apate jina. Linaning'inia dirishani kwa Ndiaye, la bluu, na vifungo vinavyong'aa, na Betri analitazama kutoka kwetu kama mgonjwa anavyotazama chai ya mwenzake.

Basi Ijumaa ile tulikutana mapema, kabla Ndiaye hajatoka swala ya mchana. Benchi letu liko mbele ya saluni ya Constance, tunayemwita Présidente, maana hakuna mjadala unaofungwa bila yeye. Alikuwepo Josiah, Mkenya wa Overport, anasomea udaktari wa vitabu, si wa sindano. Tunamwita Chapta Tatu kwa sababu tangu tumfahamu yuko sura ya tatu. Na alikuwepo Nasibu, Mtanzania wa Iringa, anayeuza miwani ya jua kule South Beach. Mawingu yakitanda anahamia kwetu. Huyo ni Miwani.

Mhusika mkuu alikuwa chini ya benchi: kijibwa cha kahawia, sikio moja limesimama, lingine limelala, mdomo umejaa mikate, yale maandazi ya duara ambayo Présidente huwakaangia wateja wake.

"Rudia masharti," Présidente alisema, mikono yake ikiendelea kusuka kichwa cha mteja mlangoni.

"Jina itoke Senegal," Betri akasema. "Tonton akiisikia, acheke. Akicheka, koti ni yangu. Akikasirika..." Akatazama dirisha la Ndiaye. "Nitaoa na tisheti ya duka."

"Ile imeandikwa mgongoni 'Skrini bei poa'?"

"Iko moja tu, yaya," Betri akajibu. Kwao yaya ni dada mkubwa.

"Aki woiye," Chapta Tatu akasema. "Na padri atasoma mgongo wote."

"Laetitia anajua?" Miwani akauliza.

"Laetitia anajua koti iko inapigwa pasi."

"Tangu Jumanne?"

"Ni koti kubwa."

Présidente akapiga goti lake. "Na mama mkwe?"

"Amefika jana kutoka Joburg. Akaniambia, 'Mwanangu, nionyeshe nguo.' Nikamuleta hapa, nikamuonyesha kupitia dirisha. Nikamwambia kwa desturi ya Durban, bwana harusi hagusi koti mbele ya siku."

Tulicheka mpaka mteja wa Présidente akalalamika kwamba anavutwa nywele. Betri peke yake hakucheka. Alikuwa amevaa kaptula na kandambili, na kusema kweli alinitia huruma. Nikampa kahawa. Nikaandika kichwani kwamba atalipa baada ya fungate.

"Na suruali?" Miwani akauliza.

"Suruali haina shida. Iko kwa yule mwembamba anashona naye, yule mgeni. Imebaki pindo. Yule ni mutu muzuri, anakuwaga anacheka tu. Shida ni koti."

Chapta Tatu akatoa simu yake, akaiinua kama anataka kuhutubia bunge. "Wazee, mimi nimefanya utafiti."

"Umeruka sura ya tatu?"

"Nimeiacha kidogo. Sikizeni. Teranga! Ni Kiwolof, maana yake ukarimu. Msenegali akisikia Teranga anavimba kifua. Mpaka timu yao inaitwa Simba wa Teranga."

"Mbwa wa ulinzi umwite Ukarimu?" Miwani akang'aka. "Mwizi akija unamwambia nini? Karibu, Ukarimu yuko mlangoni?"

"Kwani ile ni mbwa ya ulinzi?" Présidente akadakia. "Juzi mwizi ameingia kwa Betri, amechukua chaja, mbwa amemusindikiza mpaka kwa robot, pale kwa taa za magari!"

"Alikuwa anamufuata!"

"Akitikisa mkia?"

Teranga ikaanguka. Chapta Tatu akasogeza kidole. "Sawa. Chebujen. Ni wali na samaki, chakula cha taifa lao."

"Haibo!" Présidente akaacha kusuka. "Utasimama pale kona unaita Chebujen, Chebujen, na Albert Park yote inashuka na sahani! Tena na sisi hatukulipa rent, tuna njaa!"

Kijibwa kikainua kichwa kuangalia kama kuna la maana, kikaona hakuna, kikarudi kwenye mikate.

"Kwetu nyumbani," Miwani akaanza, "mbwa huwa..."

"Wewe nyamaza!" Sauti tatu kwa pamoja. Chapta Tatu akakivuta kijibwa upande wake. "Kwenu Iringa jina la mbwa na jina la mboga ni kitu kimoja. Yule Mgogo muuza viatu alitueleza yote."

"Yule Mgogo ni mtani wangu!" Miwani akasimama, miwani mitatu ikaning'inia shingoni. "Wagogo na Wahehe ni watani toka enzi za mababu! Maneno ya mtani si ushahidi! Nami nikianza kusema ya Wagogo hapa, hamtakunywa hiyo kahawa!"

"Usiguse kahawa yangu," nikasema. Ndilo neno langu pekee katika mjadala ule, na nililisimamia.

Betri akafuta jasho. "Ngojeni. Mimi niko na wazo. Kwetu mutu akikupenda, mtoto akizaliwa unamutolea homonyme. Unamupa mtoto jina yake, na yeye anafurahi, analeta nguo, analeta sabuni. Si ndiyo? Basi mbwa tumuite Ndiaye. Nimupatie tonton heshima."

Hata mteja wa Présidente akageuza kichwa.

"Betri," Présidente akasema taratibu, "homonyme ni ya mtoto. Mtoto ya mutu! Haiendaka kwa kitu iko na mkia!"

"Halafu leo Ijumaa," Miwani akaongeza. "Mzee anatoka msikitini, ametawadha, kanzu nyeupe pe, unamsogezea mbwa: 'Tonton, huyu ni wewe.' Kaka, utazikwa na hiyo tisheti."

Betri akakaa. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, lakini huyu alikuwa ameyavulia nguo ambayo hata hajaipata.

"Nimepata!" Chapta Tatu akaruka. "Gainde! Maana yake simba. Fupi, tamu, ya Kisenegali kabisa. Kijibwa kidogo hivi kuitwa Simba, lazima mzee acheke."

"Ah non!" Présidente akainua kitana. "Simba? Simba ndiyo imekula Chui yetu Jumanne! Sasa unamuleta alale ndani ya nyumba, umupe na chakula?"

"Yaya, ni koti," Betri akasihi.

"Ni nchi!"

"Yaya, ni mama mkwe."

Hapo Présidente akalegea, maana yeye mwenyewe ana mama mkwe. "Bon. Kwa ajili ya Laetitia. Siyo kwa ajili yako."

Tukapiga kura. Gainde ikapita bila kupingwa. Betri akapata uhai, akasimama katikati ya njia kufanya mazoezi: "Gainde! Gainde! Kuja, Gainde!" Wakati huo huo hadeda, yule ndege wa Durban anayelia kama bawaba isiyo na mafuta, akapita juu ya paa akipiga kelele zake. Simba akakojoa akakimbilia chini ya benchi.

Tulicheka hadi machozi. Hata mteja wa Présidente alicheka, na nywele zake nusu zikiwa zimesimama. Mambo yalikuwa mazuri. Nikaanza kumiminia watu kahawa ya ushindi.

"Wueh," Chapta Tatu akasema, bado macho yakiwa kwenye simu. "Wueh, wazee. Kuna maneno mengine huku chini."

"Soma."

"Inasema kule kwao kila ukoo una mnyama wake. Na simba..." Akanyanyua macho. "Simba ndiye mnyama wa kina Ndiaye. Wakimsifu simba wanamwita Gainde Ndiaye."

"Maana yake?"

"Maana yake tumerudi pale pale kwa 'Tonton, huyu ni wewe.'"

"Eish!" Betri akashika kichwa. Na kama kawaida ya balaa, robot ikawaka nyekundu, magari yakasimama, na Tonton Ndiaye akaanza kuvuka barabara. Kanzu nyeupe ya kupwaya, kofia, tasbihi mkononi, na nyuma yake yule mwenzake mwembamba wa suruali. Wanatoka swala.

"Chagua!" Présidente akanong'ona kwa sauti ya kusikika hadi Point, kule bandarini. "Jina yoyote! Isiwe yake tu!"

"Soma majina mengine!" Betri akamwambia Chapta Tatu.

"Nasoma! Kuna Fall, kuna Sow, kuna Diop..."

"Asalaam aleikum," Ndiaye akasema. Alikuwa mrefu, na akisimama mbele yako unaona kanzu tu. "Alors, Betri. Mbwa anaitwa nani?"

Betri akamtazama Ndiaye. Akatazama koti ng'ambo ya barabara. Midomo ikacheza bila sauti, halafu sauti ikatoka bila ruhusa.

"Diop."

Uso wa Ndiaye ukaganda. "Nani?"

"Diop, tonton. Kwa heshima yote."

Présidente akafumba macho. Miwani akaanza kukusanya bidhaa zake. Mimi nilijua harusi imekwisha, nikaona kabisa ile 'Skrini bei poa' ikipanda madhabahuni.

Ndiaye akainama polepole, akishikilia kanzu isimguse mbwa. Kijibwa hakikumjali. Kilikuwa kimetumbukiza kichwa chote ndani ya bakuli la Présidente, kinamalizia mkate wa mwisho, na hata macho hakikuinua.

Kicheko kilianzia mabegani. Kikashuka tumboni. Halafu Tonton Ndiaye, mtu mzima, hajji mtarajiwa, akaegemea mlango wa saluni akapiga ukelele kama mtoto.

"Diop! Anakula, hata salamu hajibu! Wallahi ni Diop! Ni Diop kabisa! Nani amekuambia? Nani amekuambia kina Diop wanakula hivi?"

"Hakuna mutu, tonton," Betri akasema, akirudi nyuma hatua moja.

"Sisi Ndiaye na wao Diop, tangu babu wa babu, tunachokozana! Nikikutana na Diop, hata simjui, lazima nimwambie wewe ni mlafi. Na yeye lazima aniambie mimi ndiyo mlafi. Kukasirika ni haramu!"

"Utani!" Miwani akatupa bidhaa zake zote chini. "Jamani, huo ni utani! Mhehe na Mgogo! Kumbe mnao hadi Senegal!" Akamkumbatia Ndiaye, wakacheka pamoja wakipigana migongo, mmoja akisema Mgogo, mwingine akisema Diop, na kila mmoja akimwelewa mwenzake vizuri kabisa.

Ndiaye mwenyewe akavuka barabara, akarudi na koti mikononi kama anabeba mtoto mchanga. Akamvisha Betri juu ya tisheti. Lilimkaa! Mabega yakakaa, kiuno kikakaa, na Betri wetu, fundi simu, ghafla akaonekana mtu wa kukopeshwa na benki. Présidente akapiga vigelegele. Betri akalia, nami nikamimina kahawa ya bure, jambo ambalo halina tarehe ya kurudiwa. Nilifurahi sana siku ile, acha niseme.

"Na suruali, tonton?" Betri akauliza, anajifuta machozi kwa mkono, si kwa koti.

"Suruali si kazi yangu. Muulize mwenye suruali."

Wote tukageuka. Yule mwembamba alikuwa amesimama pembeni muda wote, futi yake ya kupimia shingoni, anatabasamu kama siku zote. Tulikuwa tumezunguka Senegal nzima kwa simu tukitafuta majina, na mtu huyu tunamwona kila asubuhi, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza lake.

"Samahani, tonton," Betri akasema. "Wewe unaitwaka nani?"

"Diop."

Ndiaye akaanguka juu ya benchi. Akapiga benchi kwa ngumi, akashindwa kupumua, Présidente akampepea kwa taulo.

"Mimi sikasiriki," Diop akasema kwa upole. "Kukasirika ni haramu. Suruali iko tayari, nzuri sana. Kesho asubuhi utaipata." Akamnyooshea Betri kidole. "Lakini kwanza lete mbwa wa pili. Aitwe Ndiaye. Tena awe mnene kuliko huyu."

Kijiwe kikapasuka. Présidente akamwacha mteja na nusu kichwa, "Nakuja, chérie, usitingike!", akaelekea kwa jirani yake wa ghorofa ya sita mwenye mbwa wawili. Chapta Tatu akakumbuka kwamba mwenye nyumba wake Overport ana dume moja la kutisha, akakimbilia taxi. Miwani naye akakunja mikono ya shati.

"Wewe baki hapa!" Présidente akampigia kelele kutoka kwenye ngazi. "Tunamtaka akiwa mzima!"

Betri akabaki katikati ya njia, juu bwana harusi, chini kaptula na kandambili. Simu yake ikalia. Akaiweka sikioni, na sote tukamsikia Laetitia, na nyuma yake mama yake.

"Urbain! Mama anauliza koti umechukua?"

"Nimechukua, chérie! Niko nimeivaa!"

"Mungu asifiwe! Na suruali?"

Betri akamtazama Diop. Akatazama mbwa. Akatazama magoti yake mwenyewe.

"Allô?" akasema. "Allô? Chérie, sikusikii, ni betri." Akakata, akakamata ncha za koti lisichafuke, akatimka kuelekea Point akipiga mluzi kwa kila kilichokuwa na miguu minne.