Nani Amekula Njegere za Muuguzi

Jumatatu, 3 Juni

Hili sijamwambia mtu. Anayekula njegere za jirani yetu, Muuguzi Mstaafu, si ngedere kama anavyodhani. Ni mbuzi wetu watatu. Na anayewapitisha shambani kwake, siku ya nne leo, ni mimi.

Nina sababu. Njia kuu ya kwenda malishoni inapita nyumba sita, na kila kibaraza kina mtu. Kila mtu anataka salamu, na salamu haziishi. Babu hajambo? Mguu wake? Matokeo ya mtihani yanatoka lini? Nimemaliza shule mwezi uliopita, na swali hilo nimeshajibu mara arobaini. Nikifika nyumba ya pili sauti inakauka. Ya tatu, nawaamkia hata watoto.

Njia ya nyuma haina mtu. Kuna ukungu, nyasi zenye umande, na Kamanda, mbwa wa Muuguzi, ambaye hulala chali nimkune tumbo. Raha tupu. Nikimaliza kumkuna, beberu wetu Mheshimiwa naye huwa amemaliza tuta.

Jumanne, 4 Juni

Balaa. Muuguzi amekuja kunywa chai na babu. Nilijificha jikoni, nikasikia yote. Ngedere wamemaliza matuta matatu, na Kamanda hajabweka hata mara moja. Mbwa gani huyo, anakula kuliko mwenye nyumba! Jumamosi anampeleka bondeni kwa Mchoma Matofali, akafungwe mnyororo alinde tanuri. Babu akaunga mkono.

Nikaangusha kifuniko cha sufuria. Babu akaniita nije kusalimia. Nikatoroka kupitia dirishani.

Kamanda, mnyororoni, kwa sababu yangu. Haiwezekani. Lazima abweke, na Muuguzi amsikie.

Jumatano, 5 Juni

Mpango: kujifanya mwizi. Koti la mvua la babu, kofia hadi puani, gunia begani. Saa kumi na mbili asubuhi nikatambaa kwenye njegere. Kamanda akaja. Akaninusa. Akalala chali.

Nikamtolea macho. Nikamngurumia. Akanilamba pua. Mwisho nikabweka mwenyewe, ili angalau Muuguzi asikie kitu. Bila kujisifu, nilibweka vizuri.

Mchana babu kaleta habari. Muuguzi amesikia mbwa wake akibweka, na kwa uzoefu wake wa miaka thelathini wodini, ana hakika koo la Kamanda ni bovu. Amemnywesha dawa ya kikohozi. Safari ya Jumamosi iko palepale.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeamua kukiri. Bibi, ni mbuzi wetu. Maneno manne tu. Jana nimeyafanyia mazoezi zizini kutwa nzima. Mbuzi wamesikiliza bila aibu yoyote.

Leo nikaenda. Muuguzi alikuwa anamwogesha Kamanda kwa ajili ya safari. Nikamwamkia. Akafurahi mno, eti alidhani mimi ni bubu. Babu hajambo? Hajambo. Mguu? Unaendelea. Kuku? Wazima. Matokeo? Bado. Mbuzi je?

Ndiyo hapo. Nikafungua mdomo.

"Wazima," nikasema. "Wamenenepa."

"Nimewaona," akasema Muuguzi. "Sijui mwaka huu mnawalisha nini."

Kamanda, mwili mzima povu, akaniona na kulala chali. Macho yakanijaa machozi.

"Bibi, tafadhali usimpeleke. Shamba nitalinda mimi, pamoja naye."

Akaniangalia kama anavyoangaliwa mgonjwa anayedai haumwi popote.

"Haya, mjukuu wangu. Anza kesho. Utakaa kwenye lile jiwe kubwa, kando ya njia kuu. Na kila anayepita, msalimie vizuri, umuulize kama amewaona hao ngedere."

Kwa nini jiwe lile, wakati ngedere wanapitia nyuma? Nilitaka kumshauri. Nikaona nitajiumbua.

Jumamosi, 8 Juni

Kamanda hajaenda bondeni! Amelala juu ya miguu yangu, anakoroma, ananukia sabuni. Jua limetoboa ukungu, na kutoka hapa jiweni naona paa letu, moshi wa jikoni, na Mheshimiwa amesimama juu ya zizi. Siwezi kusema sina furaha.

Ngedere hawajaonekana. Muuguzi anasema hajapata kuona mlinzi hodari kama mimi, na kwamba inashangaza sana. Nadhani amesahau kabisa habari ya mbuzi.

Hadi adhuhuri nilikuwa nimesalimia watu thelathini na mmoja. Matokeo bado. Sauti imekwisha. Muuguzi ameniletea ile chupa ya dawa ya kikohozi, na kijiko kilekile cha Kamanda.

Sasa tatizo ni kesho. Lazima mbuzi wapelekwe malishoni kabla ya zamu yangu. Njia kuu siiwezi, nimesalimia vya kutosha mwaka huu. Ya nyuma nailinda mwenyewe, na mimi ni mkali. Ila nyuma ya mizinga ya Mfuga Nyuki nimeona kijia kizuri, kimya, hakina hata kibaraza kimoja. Kinakata katikati ya kabichi zake, basi. Tutapita haraka.

Wewe shajara, haya yabaki kati yetu. Kamanda naye anajua, lakini yeye habweki.