Meno Machache ya Kupandia Norton Summit

Jumatano, tarehe 9 Oktoba
Dada Kerensa, uliniomba niandike shajara na kukutumia huko Darwin. Naapa kuandika yote, hata yanayonifedhehesha. Basi: Jumapili klabu yetu ya baiskeli inapanda mlima wa Norton Summit. Safari iliyopita nilishuka nikasukuma baiskeli mara mbili. Odette Kuchel wa shuleni kwetu alinipita akiimba. Akiimba! Safari hii sishuki. Sitaki kingine duniani.

Dawa imepatikana. Leo watu wametoa vitu vibovu kando ya barabara vichukuliwe na halmashauri. Kati ya friji na kochi, baiskeli kuukuu ya mbio! Gia yake ya mbele ina meno machache kuliko yangu. Meno machache, mlima mwepesi. Nimeiburuta nyumbani. Mama akauliza kama nimeanza kufuga vyuma.

Alhamisi, tarehe 10
Mikono ya pedali, vile vyuma vinavyoshika pedali na gia ya mbele, haitoki. Nyundo haikusaidia. Kumbe kuna kidude chake: unakikaza ndani kabisa, kisha unazungusha bolti yake, nacho kinausukuma mkono nje. Shuleni anacho mtu mmoja tu. Odette.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama.

Alicheka. Akasema, "Shoga, wewe? Juzi tairi lako si alilibadilisha mama yako?" Hata hivyo akanipa, na biskuti juu yake. Akaanza kunieleza habari za pedali ya kushoto na ya kulia. Nikamwambia asijisumbue, miguu yangu naijua.

Ijumaa, tarehe 11
Mikono imetoka, ya baiskeli zote mbili! Pedali yangu ya kushoto tu ndiyo iligoma. Nilisimama juu ya spana. Ikazidi kukaza. Kwa hasira nikazungusha upande usiofaa, ikatoka. Bahati njema.

Jumamosi, tarehe 12
Siku ya kufunga: mikono ya kuokota kwenye baiskeli yangu, na pedali zangu kwenye mikono hiyo. Grisi mpaka kwenye nyusi. Cheni ikalegea, nikaipunguza pingili mbili. Pedali zilikataa kuingia, zote mbili. Nikazishurutisha. Mama akauliza paka gani analia. Nikamjibu ni chuma kinazoea.

Jumapili, tarehe 13
Dada, nilipanda! Miguu ilizunguka kama ya mtu mwingine. Kwenye kona ya tatu nikampita Odette. Nikamwimbia.

Kisha mguu wa kushoto ukaenda hewani, pedali ingali imenasa chini ya kiatu changu cha mbio, kile kinachobanwa kwenye pedali. Mkono wa baiskeli ukabaki mtupu. Nikalala kwenye nyasi.

Odette angeweza kupita. Alisimama, akaiangalia ile pedali, akashika kichwa. "Shoga, hii ni ya kulia! Ya kushoto hufungwa kinyume. Si ndicho nilichotaka kukwambia Alhamisi?" Kisha akasukuma baiskeli yake kwa mkono mmoja na yangu kwa mwingine, mimi nikichechemea na kiatu chenye pedali. Tukafika wa mwisho. Hakuimba hata kidogo. Tukagawana pai ya nyama.

Sikushuka, lakini. Nilianguka. Ni mambo mawili tofauti.

Nimetafakari kosa langu kwa uaminifu. Nalo ni hili: vyuma vya kuokota havifai. Baiskeli yako uliyoiacha kwenye banda ina meno machache vilevile, na mikono yake bado inang'aa. Kidude cha Odette ninacho. Klabu inapanda tena Jumapili ijayo. Tafadhali nijibu mara tu upatapo hii: ile baiskeli unaipenda sana?