Mistari Saba ya Alphonsine

Anderlecht, tarehe 9, mwezi wa tatu, 2014

Kwako Papa Kazadi, Président wa Mutualité yetu, chama cha kusaidiana cha watu wa Katanga hapa Bruxelles, pamoja na Comité yote iliyoketi nawe,

Mimi ni Ngoy Jérôme, muzee wa miaka septante-huit, sabini na nane. Nimeishi kuliko utawala wa Wabeleji kule kwetu, kuliko Zaïre na pesa zake, kuliko wakubwa watatu wa kazi, kuliko madaktari wawili walionikataza chumvi (wao walikula bila chumvi, na wamekwenda), tena kuliko ascenseur ya bâtiment yetu, lifti ile iliyokufa mwaka jana na mpaka leo hakuna aliyekuja kuizika. Sisemi haya kwa kujisifu. Nasema ili Comité ijue kwamba muntu anayeandika hapa si muntu wa kupita njia.

Nilisoma mpaka quatrième primaire, darasa la ine, na Padri mwenyewe alisema maandishi yangu ni mazuri kuliko ya mwalimu. Joël, mutoto wangu mukubwa, alitaka aniandikie barua hii ku ordinateur, kompyuta yake. Nilikataa. Ordinateur inaandikia watu wote namna moja, haijui nani ni muzee.

Jambo lenyewe ni tumbo ya bibi yangu.

Munamujua Alphonsine, bibi yangu wa ndoa ya kanisa tangu 1965. Alinizalia watoto saba, na kila mutoto aliacha mustari wake ku tumbo. Ni ile michirizi ya ngozi ambayo Wazungu wanaita vergetures. Miaka yote mistari ile ilikaa kimya, haikumusumbua muntu. Sasa, tangu Noëli, Alphonsine anaipaka crème. Asubuhi anapaka, mangaribi anapaka. Anataka ififie. Kwa hiyo naleta malalamiko yangu, nayapanga kwa namba, ili secrétaire asiyachanganye kama alivyochanganya habari ya matanga ya Papa Noé, tukaenda wote Koekelberg na maua mukononi, kumbe maiti iko Etterbeek.

1. Crème hiyo inatengenezwa na Maman Marie-Claire, yule mwenye salon ya nywele ku Matonge. Anachanganya beurre, siagi ya muti wa karité, beurre ya kakao, mafuta nyeusi ya mbegu za ngazi, ule muti wa mawese, na kitu kingine ambacho anakataa kusema. Hiyo haina ubaya. Ubaya ni kwamba anaitia mu boîte ya margarine, kopo tupu. Papa Président, wewe ni Mukatanga. Unajua kwetu boîte ya margarine haitupwi. Inakaa sombe ya mboga, inakaa chumvi, inakaa misumari na vifungo vya shati. Lakini ikiwa mu frigo, karibu na mayai, muntu muzima atafikiri nini? Nilifungua, nikachukua kisu, nikapaka ku mukate. Wiki nzima nilikula. Nilisifu hata. Nilimuambia Alphonsine, "Maman Joël, margarine ya Wabeleji sasa imepata akili, inanukia kakao." Alikunywa chai yake akiniangalia. Siku ya samedi njo alisema: "Papa Joël, kama matumbo yako ya ndani yamelainika vya kutosha, uniachie kidogo ya inje."

2. Akishapaka, anajifunga plastique ya jikoni, ile ya kufunika nyama. Ati joto linasaidia ngozi kunywa. Akijigeuza kitandani, unasikia kama kuku ya magasin ya vyakula inataka kutoka mu paquet yake. Nilisema hivyo tu, kwa upole, kwa neno moja. Nikaambiwa nichukue mto wangu. Tangu siku hiyo nalala ku canapé ya sebuleni. Mimi, muntu aliyetoa mashaba chini ya ardhi mpaka mukubwa wangu akaniita "Ngoy Machine" mbele ya équipe yote! Canapé ile tulinunua kwa ajili ya wageni wafupi.

3. Nilimuuliza juu ya nini anajisumbua. Alinipa sababu mbili. Ya kwanza, docteur wa magoti amemutuma afanye mazoezi mu piscine, ile maji ya kuogelea, na mu piscine muntu haingii na pagne ya kujifunga. Hiyo nilikubali. Ya pili, akasema, ni mimi. Ati ku ubatizo wa mutoto wa Joël, mbele ya Padri na wakwe zetu wote, nilisimama na glasi nikatangaza kwamba tumbo ya bibi yangu ni carte ya Katanga, ramani yenye barabara saba, na zote nilizijenga mimi. Kweli nilisema. Watu walicheka, walipiga mikono, muntu mumoja alipiga hata mbinja. Padri peke yake njo aliangalia sahani yake. Sasa Comité iniambie. Muntu akisifu kazi ya bibi yake mbele ya watu, hiyo ni matusi? Wako wanaume hapa Bruxelles ambao hawawezi kukuambia kama bibi zao wana magoti.

4. Nilimusindikiza Alphonsine kwa docteur wa ngozi ku Etterbeek. Ni mwanamuke kijana, mwenye diplômes ukutani mpaka karibu na choo. Alieleza vizuri. Mistari mipya, ile bado myekundu, inasikia dawa kidogo. Ya zamani kama ya Alphonsine imekwisha kukomaa. Laser inaweza kuipunguza, crème na kukanda vinalainisha ngozi, lakini kuifuta kabisa, hapana. Nilifurahi mpaka nikamupa mukono mara mbili. Alors, Maman Marie-Claire anasema crème yake inaififisha mpaka wewe mwenyewe unasahau ilikuwa wapi. Donc, basi, mumoja anadanganya. Kama ni docteur, zile diplômes aziondoe, ukuta upumzike. Kama ni Maman Marie-Claire, Comité imuite. Na kama wote wawili wanasema kweli, njo hatari kubwa zaidi, juu hapo mistari itakuwa pale lakini haitaonekana, na kitu kinachokuwa pale bila kuonekana, Padri alitufundisha kuna viwili tu, na Maman Marie-Claire si Mungu.

5. Namba tano nimeisahau. Ilikuwa kubwa. Nikiikumbuka nitaituma peke yake.

6. Mistari ile si ya muntu mumoja. Shamba ni la Alphonsine, sikatai. Lakini mbegu nilileta mimi, na watoto njo walilima. Kwetu hauwezi kugeuza shamba la familia bila kuita familia. Kwa hiyo nilipigia watoto simu, mumoja mumoja, wapige kura. Wa Lubumbashi alisema hanisikii vizuri, na nilikuwa namusikia vizuri sana. Wa Kitwe alicheka mpaka simu ikakatika. Joël, mwenye mustari murefu kuliko yote, alinijibu, "Papa, uache tumbo ya maman tranquille." Huyo njo mutoto niliyemubeba mabegani kumupeleka shule wakati wa mvua. Wengine sikupiga tena. Nilihesabu kura zao kuwa upande wangu.

7. Sasa Comité iangalie mbali, kama mimi ninavyoangalia. Crème hii inapakwa na vidole. Kama inaweza kufifisha mistari ya tumbo iliyokaa miaka quarante, arobaini na zaidi, itafanya nini mistari midogo ya vidole? Alphonsine anapaka, Maman Marie-Claire anachanganya na mikono mitupu, na mamans wote wa chorale ya kanisa wameanza kuulizia. Siku watakwenda commune, ofisi ya muji, kwa ajili ya carte ya kitambulisho, watawekewa kidole ku machine, na machine itasema hakuna muntu. Wanamuke wetu wote watakuwa wageni mbele ya État, serikali yenyewe. Watatuuliza sisi wanaume, "Huyu ni nani?" Tutasema, "Ni bibi yangu." Watasema, "Utuonyeshe alama." Na alama zimefutwa! Halafu watoto, bila mama anayejulikana, watapewa karatasi gani? Mutualité yote itakwisha hivyo, kwa boîte ya margarine. Nimewaambia watu haya ku arrêt ya métro, kituo cha treni, na walisogea pembeni. Hata ku kazi walisogea vile nilipowaambia kwamba mbao zinazoshika galerie ya tatu chini ya ardhi zimeoza. Mujue kwamba galerie ya tatu ilianguka.

8. Hii ni fupi.

Mustari wa ine, upande wa kushoto, ule mupana unaopinda karibu na kiuno, ni wa Numbi. Wengi wenu hamukumujua. Alizaliwa Likasi na alikufa na surua kabla hajatembea. Mupiga picha alikuwa anapita ku camp yetu wakati wa Noëli, na tulisema tungoje Noëli, mutoto atakuwa amenona. Donc picha hakuna. Musalaba wa kaburi ulikuwa wa mbao, na muchwa waliula. Nguo zake alivaa mudogo wake mpaka zikaisha. Wale wengine wana passeports, wana picha wamesimama mbele ya Atomium ya hapa Bruxelles na meno yote inje. Numbi ana mustari ule tu. Watu waliniuliza ku ubatizo juu ya nini nasema barabara saba, na watoto wanaojulikana ni sita. Njo maana nasema saba, na nasema kwa nguvu.

Sasa crème inapita pande zote. Nyumbani siwezi kusema, juu tangu siku tuliyomuzika, mimi na Alphonsine hatujataja jina lile. Lakini Comité ijue.

Kwa sababu hizi, naomba kwa heshima Comité ipige sheria kwamba mwanamuke yeyote wa Mutualité asififishe mustari hata mumoja bila ruhusa ya mume wake na ya mutoto mwenye mustari. Kwa mutoto ambaye hawezi kusaini, baba asaini. Naomba pia Maman Marie-Claire atafute boîte ya namna ingine. Na naomba muandike mu procès-verbal, kitabu cha mukutano, kwamba Ngoy Jérôme arudishwe kitandani kwake, juu mugongo unauma.

Musalimie bibi yako Priscille na magoti yake. Musalimie mamans wa chorale, hata wale wanaoimba juu sana. Musalimie secrétaire, na mumuambie matanga ya Papa Noé nimeshasamehe. Musalimie Katanga yote, walioko hapa na waliobaki kule.

Wanaoweza kushuhudia kwamba nimesema kweli ni Papa Radjabu, jirani wa mulango unaoangaliana na wetu, muntu wa Uvira asiyekunywa pombe, ambaye alikula ile margarine pamoja nami mara mbili na akaomba kuongezewa, Padri, kama atakubali kuinua macho ku sahani, na canapé.

Ni mimi wenu, mwenye kusimama pale aliposimama,
NGOY Jérôme

P.S. Barua hii ilikaa mu koti yangu mpaka leo dimanche, juu ya kukosa timbre ya posta na juu ya ngazi, maana kutoka étage, gorofa ya saba, bila ascenseur si mambo ya kila siku. Ni bahati, juu kuna neno la kuongeza.

Leo baada ya misa, bega la Alphonsine lilikataa kuinuka. Ni baridi. Aliniita chumbani akasema, "Papa Joël, lete ile mikono yako ya machine. Na ufunge kinywa." Nilipaka na nilifunga kinywa, na najua hakuna atakayeamini. Papa Président, mistari haijafutika. Docteur alisema kweli. Imelainika tu, kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Nilipita wa Joël, nikapita wa pili, nikapita wa tatu. Nilipofika upande wa kushoto, vidole vilisimama vyenyewe. Ngozi ya pale ilikuwa kavu. Kavu kabisa. Alphonsine hakugeuka. Alisema, "Hapo unazunguka. Hapo sijapaka hata siku moja. Ni kwa Numbi."

Alisema jina. Na mimi nilisema, "Numbi."

Halafu akaniambia, "Nawe unafikiri ni wewe peke yako unayehesabu saba?"

Donc malalamiko namba moja mpaka saba, Comité iyatupe. Namba nane muitupe nayo, juu mwenye tumbo alikuwa ameanza kulinda kabla yangu. Namba tano sijaikumbuka, muitupe vilevile. Ningeandika barua mupya, lakini mukono umechoka na maneno ya hii ni mazuri. Naomba tu musiisome mu mukutano. Mto wangu umerudi kitandani, na kazi ya kupaka sasa ni yangu, asubuhi na mangaribi. Alphonsine anasema sijawahi kufanya kazi vizuri hivi, hata chini ya ardhi.

Jambo moja la mwisho. Crème iliyobaki ku vidole nilijipangusa ku tumbo yangu, na pembeni nikaona michirizi mine, mipya, myekundu. Mimi sijazaa muntu. Ni frites, vile viazi vya kukaanga vya Wabeleji. Docteur alisema myekundu inasikia dawa, donc haraka inatakiwa. Mumuambie Maman Marie-Claire alete boîte mbili, moja aiandike jina langu kwa herufi kubwa, na sheria ile niliyoomba, kama mulikwisha kuipiga, muitoe.

Shahidi wa P.S. hii ni Alphonsine peke yake. Musimuulize sasa. Amekwisha kuweka boîte ku radiateur ipate joto, na anasema kama sitaacha kalamu, atamuita Papa Radjabu aje na mukate.