Ofisa Aliyelala Ukutani

Kwa tangazo lililobandikwa stendi, sokoni na ubaoni pa kanisa, wananchi wa Songea walijulishwa kwamba kuanzia Juni 1994 mji wao utakuwa na sanaa ya kisasa, saa za kazi tu, isipokuwa sikukuu.

Mkurugenzi wa jumba la sanaa hiyo, lililokuwa ghala la mbolea, alikuwa Makarius Komba, aliyekuwa akigawa mbolea ya ruzuku mpaka biashara huria ilipomwondolea mbolea. Wakubwa walimteua kwa sifa iliyo wazi: funguo za ghala alikuwa nazo yeye. Makarius aliipokea kazi kwa moyo wote. Alipaka ghala chokaa, akaunda Kamati ya Kubaini Usasa, akaingia mitaani kusaka wasanii.

Alimpata mmoja, Aurelia Ngonyani, mchora mabango ya saluni na maduka mapya ya mtaa wa Mfaranyaki. Aurelia alileta picha ya ofisa mwenye kipara, amelala mezani, shavu juu ya faili, na watu kumi na saba wakimsubiri kwenye benchi.

"Huyu nani?" Makarius aliuliza.

"Ofisa tu, baba. Nilifuatilia cheti cha kifo cha mama Dar es Salaam siku nne. Muda wa kumtazama nilikuwa nao."

Makarius aliagiza itundikwe katikati.

Siku ya ufunguzi, mgeni rasmi, Mkuu wa Idara kutoka Dar es Salaam, alikata utepe, akaingia, akaganda mbele ya picha. Kipara kilikuwa chake. Shavu lake. Ukumbi mzima ukashikwa na kikohozi.

"Ishushwe!"

Makarius aliiona kazi inaota mbawa. Akamtazama Aurelia, aliyekwisha kuanza kusogea kuitoa picha yake mwenyewe. Hapo Makarius akafungua droo ya meza yake.

"Bila shaka, mheshimiwa. Utaratibu unamtaka mlalamikaji ajaze fomu hii, athibitishe kwamba aliyechorwa ni yeye. Aambatishe picha mbili za pasipoti. Moja awe amelala."

"Nani kasema ni mimi?"

"Hakuna, mheshimiwa. Ndiyo maana fomu bado iko tupu."

Mkuu aliwatupia jicho waandishi wa habari, akaomba kitabu cha wageni. Akaandika kwa herufi kubwa, akatia sahihi na cheo: "Picha nzuri. Hainihusu."

Kesho yake foleni ilifika barabarani, na wengine walitoka mbali, hata kijiji cha Mbesa. Picha waliipita bila kusimama. Walikuja kusoma kitabu.