Mdomo Wangu Umenihamisha Timu

Jamani, mwenzenu leo nimevuliwa nguo uwanjani mchana kweupe. Ilikuwa jezi tu, na fulana ya ndani nilikuwa nayo, lakini aibu haikujali.

Nianze mwanzo. Kwa msionijua, mimi ni fundi cherehani hapa Bertrams, Johannesburg, mzaliwa wa Tanga, na kila Jumapili nacheza softboli. (Usicheke bado, hujafika pa kuchekea.) Ni ule mchezo ambao mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa fimbo halafu anakimbia kama kaiba kuku. Timu yetu ni ya wanawake watupu: wasusi, wauza mitumba, walinzi, wanafunzi wawili wa Braamfontein. Lugha yetu ni Kiswahili cha kila aina. Nahodha ni Mama Furaha, msusi kutoka Uvira. Mrushaji wetu alikulia Temeke akicheza rede, na mliocheza rede mnajua, mtoto wa Temeke hakosi mbavu.

Shida yetu ni mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kudaka mpira uliopita. Wa kwetu aliolewa Durban akaondoka na glavu yake. Tangu hapo tumefungwa mechi tano mfululizo. Tukifungwa mbili zaidi tunatolewa kwenye ligi, na bila zile Jumapili mimi Johannesburg sina ndugu. Nasema ukweli. Wiki nzima naongea na cherehani, na yenyewe ina majibu ya mkato.

Sasa, ligi yetu haina hela za kununua mtu. Tuna siku moja katikati ya msimu ambapo timu zinabadilishana wachezaji. Mtu kwa mtu, au mtu kwa watu wawili, au mtu na fimbo juu yake. Mkishapeana mikono, wachezaji wanabadilishana jezi pale pale, na hakuna kurudi mpaka msimu uishe. Siku hiyo ndiyo leo.

Kwenye grupu letu tumebishana wiki mbili. Nani ana thamani gani, nani anaweza kutolewa, nani haendi popote hata tukipewa fimbo kumi. Mchambuzi mkuu ni mimi. Nina maoni juu ya kila bega na kila goti. (Uwanjani nakaa benchi. Naomba hilo tusilizungumze kwa sasa.)

Tuliyemtaka ni Lerato wa timu ya Alexandra. Lerato akichuchumaa, hata nzi hapiti. Na wa kumtoa tulikuwa naye: Zawadi, Mrundi wetu, mpole, mwenye mbio kuliko sote. Zawadi mwenyewe ndiye aliyeomba, maana amehamia Alexandra kwa dada yake na kila mazoezi anapanda teksi mbili. Kwa hiyo kila kitu sawa, isipokuwa kitu kimoja. Wiki iliyopita Zawadi alianguka kwenye ngazi za kanisa, goti likavimba kama andazi.

Wenzangu wakasema tuwaambie ukweli watu wa Alexandra. Mimi nikasema ninyi hamjui biashara. Nikawaambia niachieni mimi, mazungumzo yote nitayafanya mimi, goti litajulikana jezi zikishabadilishwa. Mama Furaha akasema haya, lakini kikiharibika ni chako.

Tukafika uwanjani saa nne. Nikampanga Zawadi kwenye uzio, mkono kiunoni, mguu mzima mbele, mbovu nyuma. Nikamwambia usitembee, usichuchumae, tabasamu tu. Alikaa vile kama anapigwa picha ya pasipoti.

Kocha wa Alexandra ni bibi mzee aliyebakiza hatua moja afike peponi, wote wanamwita Gogo, yaani bibi kwa lugha ya hapa. Kofia ya sufu, sketi ndefu, kiti chake cha kukunja. Alikuwa anafuma soksi za mtoto na kutafuna kitu. Nikamwamkia kwa Kizulu changu cha sokoni, akaitikia vizuri, akatukaribisha tukae kwenye nyasi. Akatoa kikopo cha amagwinya, yale maandazi ya kwao. Nikala moja. Lilikuwa na iliki. Nikashangaa kidogo, nikala la pili.

(Iliki, jamani. Kichwa changu sijui huwa kinafanya kazi gani.)

Mazungumzo yakaenda kwa Kiingereza. Nikamsifia Zawadi mpaka mwenyewe ningemchumbia. Gogo akaitikia kwa kichwa, anafuma. Kila baada ya maneno mawili namgeukia Mama Furaha, tunajadiliana kwa Kiswahili palepale mbele ya yule bibi. Ndiyo desturi yetu hapa mjini, sokoni, benki, hospitali. Kiswahili ndicho chumba chetu cha ndani.

Basi nikafunguka. Nikamwambia Mama Furaha huyu bibi hajui hata mchezo, kaja kuota jua. Nikasema tazama anavyotafuna, kama mbuzi wa Idi aliyesahauliwa. Nikasema kofia ile kalivua birika la chai. Nikasema tuharakishe kabla goti la Zawadi halijaanza kusema lenyewe.

Mama Furaha akaninong'oneza, "Fundi, ule mama iko anacheka."

Nikatazama. Kweli mabega yalikuwa yanatikisika. Nikasema ni uzee, damu haitembei.

Gogo akaacha kufuma. Akasema kwa Kiingereza kwamba angependa kumwona huyo msichana wa mbio. Aje tu mpaka hapa, amletee chupa ya chai iliyoko pale kwenye uzio. Zawadi akachukua chupa, akaanza kuja. Hatua moja. Akapumzika. Hatua ya pili. Kutoka kwenye uzio hadi kwetu ni mwendo wa kumaliza kipande cha muwa, yeye angemaliza shamba.

Mnajua nilichosema? Nilimwambia Gogo, kwa uso mkavu, kwamba kwa mila zetu Afrika Mashariki kijana hamkaribii mzee kwa haraka. Ni heshima. Kadiri unavyomheshimu mzee, ndivyo unavyochelewa kufika.

Gogo akasema ni mila nzuri sana. Akapokea chai, akamshukuru Zawadi, akasema anamkubali. Lakini Lerato ni mdakaji mkubwa, kwa hiyo anaomba aongezewe mtu mmoja. Asiye muhimu kwetu, yeyote.

Nikamgeukia Mama Furaha nikamwambia hapo hapo, mpe, mwache achague mtu yeyote wa benchi, benchi letu lote ukilikamua hupati hata glasi. Mama Furaha akataka kusema kitu. Nikamwambia nyamaza, samaki yuko mdomoni mwa wavu. Nikamgeukia Gogo, nikampa mkono mwenyewe, kwa Kiingereza cha ofisini: chagua yeyote ambaye hayumo kwenye kikosi cha kwanza. Timu zote mbili zikashuhudia. Watu wakapiga makofi.

Gogo akafunga soksi yake. Akainuka polepole. Akainyoosha ile sindano ya kufumia, ikapita kwa wanafunzi wa Braamfontein, ikampita mama muuza mitumba, ikaja ikasimama kwangu.

Nikacheka. Nikamweleza kwamba hapana Gogo, mimi ni uongozi.

"Uongozi unakaa benchi?" akasema. "Jezi namba kumi na saba, mechi tatu nimekuona. Mpira ukija, wewe unaupisha kama mkwe mlangoni."

Kwa Kiswahili. Kiswahili safi, kimenyooka, kina lafudhi ya Uluguru ndani yake.

Nikajaribu kukumbuka yote niliyosema tangu asubuhi, nikaona heri nisikumbuke. Gogo akaketi tena, akajimiminia chai, akanieleza taratibu kama anayemsomea mtoto. Alikaa Morogoro ujana wake wote, wakati wa ukimbizi wa kupigania nchi yao. Alikuwa nesi. Goti la Zawadi aliliona tangu tunashuka kwenye gari, alikuwa anasubiri tu nani atalisema. Na ile mila ya kuchelewa kwa heshima, alitaka kujua, je, ni ya Tanga peke yake? Maana Morogoro hakuwahi kuiona.

Wenzangu wakaangua kicheko. Zawadi, mgonjwa, alikaa chini kabisa kucheka. Mimi nikabaki nimeshika andazi la tatu.

Halafu Gogo akamalizia. Lerato amepata kazi ya ulinzi huku kwetu na amehamia mtaa wa pili kutoka dukani kwangu. Asubuhi ya leo Gogo alikuja na nia moja tu, kutuachia Lerato na kumchukua Zawadi, bila kuongeza mtu.

"Mngesema tu, ningewapa," akasema. "Lakini ulivyokuwa unaongea, nikaona nikae nisikilize kidogo."

Nikamtazama Mama Furaha. Huyu ni mwanamke niliyemshonea gauni la ubatizo wa mwanawe. Huyu amelala kwangu siku za mgao wa umeme. Nikamwambia kwa macho, niokoe. Nilikuwa nasubiri aseme Fundi haendi popote. Ningependa hata asite kidogo. Avute pumzi.

"Sharp," akasema Mama Furaha, yaani sawa kwa lugha ya hapa. Akampa Gogo mkono.

Moyo uliniuma, sitawaficha. Nikawaza Jumapili zangu zote zimekwenda kwa andazi la iliki.

Basi ikaja habari ya jezi. Lerato alivua ya njano, akavaa ya zambarau, ikamkaa kama nilimpima. Zawadi akabadilishwa huku ameshikiliwa. Zamu yangu. Nikavua ya zambarau niliyoishona kwa mikono yangu, na jina FUNDI mgongoni kwa uzi wa dhahabu. Nikapewa ya njano. Ya kijana mwembamba, nadhani, au ya mtoto. Kichwa kikapita, mikono ikapita, kifuani ikagoma. Nikabaki mikono juu, uso ndani ya kitambaa, tumbo langu linatazamana na Johannesburg. Sioni kitu. Nasikia tu simu zinapiga picha.

Humo gizani ikanijia sauti karibu na sikio. "Vuta pumzi ndani, mwanangu. Usipigane nayo." Mikono ya Gogo ikaishusha jezi kidogo kidogo, kwa ustadi, kama anayemvisha mgonjwa. Na kabla uso wangu haujatoka, akaniambia jambo ambalo wengine hawakulisikia.

Mume wake alikuwa Mluguru. Walirudi naye huku, wakazeeka naye huku, na amefariki miaka sita sasa. Watoto wao Kiswahili wanakisikia, lakini wakijibu, wanajibu Kizulu. "Yeye ndiye aliyekuwa akiniita mbuzi wa Idi nikitafuna," akasema. "Miaka sita sijapata mtu wa kunisema kwa Kiswahili. Leo umenisema asubuhi nzima. Ningekuachaje?"

Nikatoa kichwa. Nilikuwa nalia, na nikasema ni jasho.

Mama Furaha naye akaja, macho mekundu. Kumbe ile "sharp" aliitoa haraka kwa sababu angechelewa angeshindwa. Akaniambia duka langu liko palepale, kiti chake kiko palepale, na Jumatatu anakuja kunisuka kama kawaida. Tena akanikumbusha kwamba kikiharibika ni changu. Halafu akarudi kwa Lerato wake, wakaenda kucheza, na jamani, wameshinda. Mechi ya kwanza baada ya tano. Mimi niliwashangilia kutoka upande wa pili nikiwa nimebanwa kifua, sauti inatoka nusu.

Sasa niko nyumbani, naifumua hii jezi ya njano mishono ya pembeni nitie kitambaa. Goti la Zawadi limekandwa na kufungwa bandeji. Gogo amempa dada yake maelekezo ya kurasa mbili. Mimi nimetengewa nafasi kwenye timu mpya. Sitarusha, sitadaka, sitapiga. Nitakaa kiti cha kukunja, kando yake, na kazi yangu ni kusema.

Naombeni msinicheke. Na kama kuna mtu wa Tanga humu mwenye kejeli nzuri ambayo haijawahi kufika Morogoro, anitumie kabla ya Jumapili, maana Gogo ameshasema za mbuzi anazijua zote.