Mita Tatu za Msanifu

"Mmeisikia hii?" Waziri alikohoa, akaweka dadu chini. "Mwezi wa tano gereji zetu zinavunjwa. Wanajenga nyumba, maduka, ofisi na hoteli, vyote pamoja. Wameweka na picha, ina minazi. Minazi, hapa Tbilisi, na theluji yetu hii."

Waziri hajawahi kuwa waziri. Aliendesha gari la waziri mwaka mmoja, enzi za Wasovieti, na mpaka leo hasemi jambo zito bila kukohoa. Lifti, fundi wa zile lifti zetu zinazokula sarafu ndipo zipande, akanigeukia.

"Msanifu, si ndio hao waliokuajiri?"

"Ushauri tu," nikasema. "Wanataka niwachoree wazee wa mtaa mahali pa kukaa. Nitume leo kabla ya saa sita."

"Wazee gani?"

"Sisi."

"Basi tumekwisha," Lifti akasema. "Huyu ndiye aliyetuchorea bustani mwaka sabini na nane. Mabenchi ya zege, jua la utosini. Nani amewahi kukaa pale?"

"Mbwa wa jirani yetu Medea," Waziri akajibu. "Mara moja. Akahama."

Nikatandaza mchoro juu ya ule mlango mbovu tunaouita meza. Nikatuweka mbele ya maduka. Waziri akasema hawezi kucheza nardi, mchezo wetu wa dadu, huku anapigiwa muziki wa kuuzia soksi. Nikatuhamishia kwenye hoteli.

"Hapo mke wangu Tsiala ataniona kutoka dirishani," Lifti akasema. "Hapa nyuma ya gereji hanioni, ila harufu ya mkate kutoka tanuri la Guliko inanifikia. Chora hivyo."

"Harufu haichorwi, bwana."

"Sasa wewe msanifu wa nini?"

Waziri akakohoa. "Hii kona tuliyokaa, uliichora?"

"Niliiacha makusudi. Nimewaambia mara ngapi?"

"Ndugu yangu, ulikosea vipimo. Gereji zikapungua mita tatu kufika ukutani. Tunajua tangu siku ya kwanza, tulikuwa tunakustahi tu."

Masikio yaliniwaka. Miaka yote hiyo nimejisifia kona hii hadi kwenye harusi za watu.

"Usinune," Lifti akasema. "Kosea tena. Hicho ndicho kipaji chako."

Nikafuta mabenchi yote. Nikausogeza ukuta wa maduka na nguzo zake mita tatu kutoka kwenye tanuri la Guliko, nikapiga picha, nikatuma. Hakuna aliyegusa dadu. Simu ikaita: Salome, msanifu mkuu wa mradi, niliyemfundisha mwenyewe chuoni kwamba msanifu hodari hakosei.

"Mwalimu, hapa nyuma ya tanuri pana mita tatu tupu. Kama ni makusudi niambie, tutaweka kibanda cha kupangisha."

Wote wawili walikuwa wananitazama.

"Hapana, binti yangu. Nimezeeka, nimekosea vipimo. Na ukitaka kuusogeza ukuta sasa, uanze upya na nguzo zote."

Alivuta pumzi. "Basi tupaache wazi hivyo hivyo. Usijali, Mwalimu, sitamwambia mtu."

Nikaweka simu mfukoni. Waziri akanipa mkono kama tuko msibani. Lifti akaokota dadu.

"Miaka arobaini na kitu tunamsubiri akiri kosa," akasema, "na siku anayokiri, anadanganya."