Kaburi la Mgomba

Jumatatu, 12 Mei

Mkutano wa mtaa, uwanja wa shule. Aneth, yule binti wa mipango miji, kabandika mchoro ubaoni na fimbo mkononi kama mwalimu. Kasema mitaa yetu ya pembeni mwa Ifakara sasa ni mji kamili, kila kiwanja kitakuwa na rangi yake. Njano ni makazi, nyekundu ni biashara, kijani ni huduma za umma. Na barabara mpya, pana. Nikasogea kuona inapita wapi. Inapita sebuleni kwa mama!

Nikapiga kelele. Aneth kasema kwa upole kwamba mstari unaweza kupinda kukiwa na sababu ya msingi, lakini yeye haioni, na ukipinda utaingia kwenye ua wa mashine ya kukoboa mpunga ya Gosbert. Gosbert ni jirani yangu. Alikaa mbele kabisa, mguu juu ya mguu, anatabasamu. Ana mashine, ana meno yote, na sasa hata mchoro ni wake. Mimi Polycarp nina nini? Mama tu, na nyumba yake, ninamoishi na mke wangu Stumai.

Mama mwenyewe yuko Namawala. Kahamia shamba tangu mpunga ulipoanza kutoa masuke, analinda ndege. Nimempigia simu. Kasema tofali za nyumba ile alizifyatua kwa mikono yake, hatatoka humo ila kwa kubebwa. Mama ana presha. Sikuendelea kumweleza.

Jumanne, 13 Mei

Nimepata akili! Nyumba hubomolewa. Choo hubomolewa. Kaburi je? Nani atagusa kaburi? Lina ndugu, lina vibali, lina laana.

Stumai alipokwenda sokoni nikachimba nyuma ya nyumba, palepale mstari unapoingia. Shimo tupu likifukiwa udongo hudidimia, mtu akajua. Nikang'oa mgomba mzima na mizizi yake, nikaulaza humo. Urefu wa mtu wa kawaida. Juu tuta safi, na msalaba wa mbao za kitanda kibovu.

Jina sasa. Baba hafai, kazikwa makaburi ya kanisani, na Gosbert alibeba jeneza lake, hata siku ile alijionyesha. Nikamkumbuka kaka yangu Festo. Alikwenda kukata miwa Kidatu miaka mingi sasa, hapigi simu, hatumi salamu. Ndugu asiyepiga simu ni nusu marehemu. Nikaandika kwa rangi nyeusi: FESTO, PUMZIKA KWA AMANI. Mwandiko mzuri sana.

Stumai karudi, kaona, kaangusha kikapu cha nyanya. Kasema nikaling'oe lile dubwana kabla halijaonwa na mtu. Mwanamke hana maono.

Jumatano, 14 Mei

Aneth kaja kukagua. Kavua kofia! Kauliza nani huyu. Nikasema ni kaka yangu, alifia kwenye miwa, tukamzika jana kimyakimya kwa kuwa nusu ya mtaa imehamia mashambani, na mama tukamficha kwa sababu ya presha. Machozi yakanitoka yenyewe. Mimi ni fundi.

Kapiga picha, kaandika. Kasema kaburi linabadilisha hesabu, Ijumaa ya wiki ijayo mchoro mpya utabandikwa. Ushindi! Barabara ikipinda itapita mbele ya nyumba badala ya ndani yake, na penye barabara pana fremu za maduka. Moja nitampa kinyozi. Kiwanja chetu lazima kiwe chekundu.

Alhamisi, 15 Mei

Msiba! Nilisahau jambo moja: kwetu kaburi halikai peke yake. Asubuhi akina mama wa jumuiya ya kanisani wameingia na mikeka, kuni na masufuria. Wamenisema mpaka nikakosa pa kuangalia. Mtu anazikaje ndugu yake kama mwizi? Gosbert kaleta gunia la mchele kwa mkokoteni. Kanikumbatia! Kasema Festo ndiye aliyemfundisha kuogelea mtoni walipokuwa wadogo. Kalia kweli, na kamasi. Nilichukia sana. Stumai kajifunga khanga kiunoni, anapika, haniangalii.

Jioni Seni wa bodaboda, ambaye hakutumwa na mtu yeyote, kamleta mama kutoka Namawala. Nilisikia sauti yake kabla ya pikipiki. Kashuka, katambaa mpaka kwenye lile tuta. Kaupapasa udongo wote. Kaniuliza kichwa kiko upande gani. Nikamwonyesha. Nadhani nilimwonyesha upande wa majani.

Jumamosi, 17 Mei

Mama kanyolewa nywele. Uji hataki. Anakaa kwenye mkeka anaongea na kaburi, anamgombeza Festo kwa nini ameondoka bila kuaga.

Stumai kasema nimwambie mama ukweli leo hii, la sivyo atasema yeye. Nimemsihi asubiri Ijumaa tu. Mchoro ukishabandikwa nitamwambia mama mwenyewe, na atafurahi mara mbili: nyumba ipo, na Festo yupo. Stumai anaulizia namba ya Festo kwa watu wa Kidatu. Nimemkataza. Marehemu akipokea simu tumekwisha!

Gosbert yuko hapa tangu alfajiri, anapasua kuni. Hivi huyu mtu hana kwake?

Jumanne, 20 Mei

Mama hali mbaya. Dawa za presha anazitema. Midomo imekauka, macho yako kwenye msalaba tu.

Nimeogopa. Nimeogopa kweli. Nikainama sikioni nikamwambia: Mama, Festo yu hai, mle ndani kuna mgomba. Kanishika shavu. Kasema ahsante, mwanangu, tangu utoto ulikuwa mwongo lakini una huruma.

Hakuamini, hata Stumai alipomthibitishia! Basi nikaona dawa ni kufukua, aone kwa macho yake. Nikachukua jembe. Nikafika mlangoni. Aneth na vijana wake walikuwa barabarani na vyombo vyao, wanapima upya. Mstari ulikuwa unapinda, nauona kabisa kwa vigingi. Stumai alikuwa nyuma yangu, ananitazama.

Nikaliweka jembe chini. Siku tatu tu zimebaki, nikamwambia.

Ijumaa, 23 Mei

Mama kafariki jana mchana. Neno lake la mwisho ni kwamba tumlaze kando ya mwanawe.

Nani angekataa, mtaa mzima umesikia? Tumemzika leo, ubavuni mwa mgomba. Katoka nyumbani kwake kwa kubebwa, kama alivyosema. Gosbert kashika jeneza upande wa kichwa. Mimi nikapewa maua.

Tulipotoka pale, mchoro ulikuwa umebandikwa ofisi ya mtaa. Barabara imepinda! Inakata ua wa mashine ya Gosbert katikati. Kaufuata mstari kwa kidole. Kasema hakuna neno, marehemu nao wana haki yao, kisha kanipa mkono. Nikatafuta kiwanja chetu. Kijani! Nikasema afadhali, kijani ni rangi ya neema. Nikamwuliza Aneth ni huduma gani. Kasema mtaa haukuwa na eneo la maziko, walikuwa wanahangaika pa kuliweka, na kwetu maziko yameshaanza. Nyumba itaondolewa. Na fremu? Hakuna fremu makaburini, baba. Pole sana kwa msiba.

Jumapili, 25 Mei

Festo kaja.

Stumai ndiye aliyempata. Kashuka kwenye basi la Kidatu na mfuko wa sukari kwa ajili ya mama, hakujua kama amechelewa. Akina mama wakakimbia, wengine wakaacha viatu. Gosbert hakukimbia. Alimshika mabega, akamgusa uso, halafu akageuka kunitazama mimi.

Festo kasimama mbele ya msalaba kasoma jina lake. Kasoma na la mama. Kaniuliza jambo moja tu: mama alijua? Nikasema nilimwambia. Na ni kweli, nilimwambia! Kachukua jembe lilelile kafukua mwenyewe. Mgomba ulikuwa umeanza kuchipua. Kautupa pembeni, kashuka ndani ya shimo, kakaa humo, mgongo upande wa mama, mpaka jua likazama.

Watu wamekunja mikeka wameondoka bila kuaga. Gosbert kapita mbele yangu. Hata mchele wake hakuusema. Bora angenitukana.

Jumatano, 28 Mei

Nimekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuomba kijani kifutwe, maana kaburi la Festo lilikuwa la mgomba. Kasema la mama si la mgomba. Amenikabidhi ilani ya kuhama. Festo kaondoka jana. Sukari kamwachia Stumai.

Nyumba kimya. Mkeka wa mama bado uko pale, sijaweza kuukunja. Nililia leo asubuhi, peke yangu, bila ya ufundi wowote.

Mchana nimekutana na Seni wa bodaboda. Kasema wapimaji wameonekana Namawala, wanatafuta eneo la makazi mapya, na vigingi vimefika kwenye shamba la mama. Hapo nimekaa nimetafakari sana. Kosa langu sasa nimeliona, na mtu mzima lazima akiri: nilichagua marehemu wa karibu mno. Ndugu wa damu ana mama. Safari hii awe wa mbali.

Nimemwuliza Stumai yule shangazi yake aliyehamia Malinyi anaitwa nani. Anapanga nguo zake kwenye sanduku, zote, mpaka kitenge cha harusi. Nadhani anatangulia shamba.